Maarufu kwa nani? Mada inayostahiki makala katika kamusi elezo

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Garissa, alinijia majuzi akiwa amekasirika. Alikuwa ameandika makala ya Wikipedia kuhusu malenga wa Kisomali ambaye tungo zake, alisema, kila mzee wa mtaani kwao anazikariri. Makala yakafutwa. Sababu? Eti mhusika hana umaarufu.

"Prof, hawa watu wanatuonea," akalalama. "Nani Garissa asiyemjua mzee huyu?"

Nilimwelewa, ila nikamwambia kwamba neno lenyewe ndilo lililompotosha. Katika Kiswahili, mtu maarufu ni yule anayejulikana na wengi. Kamusi elezo haiulizi ni wangapi wanaomjua mtu. Inauliza mambo matatu. Je, kuna maandishi yaliyomjadili kwa kina, si kumtaja kwa kupita tu? Je, yametoka mahali pa kuaminika, mathalani kitabu kilichohaririwa, jarida la kitaaluma au gazeti? Je, walioyaandika ni watu huru, si yeye mwenyewe, jamaa zake wala mwajiri wake? Ndiyo maana naona neno "ustahiki" lingefaa zaidi. Tajiri anaweza kujulikana mji mzima asistahiki makala, na mtafiti asiyejulikana hata na jirani zake akastahiki.

Kigezo hiki kina busara yake. Mhariri aliye mbali hawezi kufunga safari hadi Garissa kuhakikisha kila jambo. Anategemea maandishi ambayo yeyote anaweza kuyatafuta na kuyasoma. Bila hivyo, kila mwanasiasa angejiandikia sifa zake.

Hata hivyo, kigezo hupima kilichoandikwa, si kilichotendeka. Wasomali wamehifadhi sehemu kubwa ya historia yao kwa mashairi na kumbukumbu. Hati rasmi ya lugha yao, yenye herufi za Kilatini, ilipitishwa nchini Somalia mwaka 1972. Isitoshe, Kaskazini Mashariki mwa Kenya kuliishi chini ya sheria za hali ya hatari kuanzia 1963 hadi 1991.

Tazama matukio mawili. Magaidi waliposhambulia Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015 na kuua watu 148, habari zilitapakaa duniani siku iyo hiyo. Kwa kigezo hiki, tukio hilo halikuhitaji kutetewa. Mauaji ya Wagalla, karibu na mji wa Wajir, Februari 1984, hayakuandikwa hivyo. Kwa miaka mingi Serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57, ilhali wenyeji walitaja idadi kubwa mno. Mwaka 2007 S. Abdi Sheikh alichapisha kitabu chake, Blood on the Runway, na mwaka 2013 ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikayaeleza mauaji hayo kwa kirefu. Leo yana makala katika Wikipedia ya Kiingereza. Uzito wa msiba ule haukuongezeka baada ya 1984. Kilichoongezeka ni maandishi.

Basi nilimshauri mwanafunzi wangu asipoteze muda kubishana na wahariri. Amwendee malenga kwa idhini yake, amrekodi, anukuu tungo zake kwa Kisomali na kuzifasiri kwa Kiswahili. Tasnifu ya uzamili pekee huenda isitoshe. Achapishe makala jaridani, na wengine wasome na kuandika pia. Hapo makala ya kamusi elezo yatakuwa na pa kusimama, na ni vyema yaandikwe na mtu mwingine.

Juzi aliniletea rasimu ya pendekezo lake la utafiti. Ina makosa mengi ya kurekebisha, lakini nimemwambia aanze kurekodi kwanza. Malenga ana miaka themanini na ushei.