Mabomba yanunuliana nafasi, mji waokoa mamilioni

WASOMAJI wa ukurasa huu wamezoea bei za kahawa, pamba na korosho. Wiki hii tunatazama soko lisilo na kelele za madalali. Liko chini ya barabara za South Bend, mji wa watu wapatao 100,000 katika jimbo la Indiana, Marekani. Bidhaa inayogombewa humo ni nafasi ndani ya bomba la majitaka.

Kama ilivyo katika miji mingi mikongwe ya Marekani, South Bend ina mabomba yanayobeba majitaka ya majumbani pamoja na maji ya mvua. Siku za jua yote hufika kwenye mtambo wa kusafishia. Mvua kubwa ikinyesha, bomba kuu hujaa, na kinachozidi humwagika bila kusafishwa katika Mto St. Joseph, unaoingia Ziwa Michigan.

Dawa iliyozoeleka ni zege, yaani matangi makubwa ya kuhifadhi maji hadi mvua ikatike. Mwishoni mwa 2011 mji huo ulikubaliana na Serikali ya Marekani kufanya kazi iliyokadiriwa kugharimu zaidi ya dola milioni 500. Mzigo huo ungewaangukia wakazi kupitia ankara zao, katika mji uliofungiwa kiwanda chake kikubwa cha magari ya Studebaker mwaka 1963.

Hata hivyo, tangu 2008 mji ulikuwa umeanza kufunga vihisio zaidi ya 100 ndani ya mabomba, vikipima kina na mwendo wa maji kila baada ya dakika chache. Vipimo vilionyesha jambo ambalo mwenye ghala yeyote angelielewa. Mvua hainyeshi sawasawa mji mzima. Bomba la mtaa mmoja hufurika na kumwaga uchafu mtoni, huku la mtaa wa pili likiwa nusu tupu. Huo ni mtaji uliolala.

Ndipo ulipoanzishwa udhibiti wa papo kwa papo. Programu za kompyuta husimamia vali na kushindana kama wanunuzi mnadani. Bomba lililokaribia kufurika hutoa bei ya juu na kupewa nafasi katika bomba kuu. Lenye nafasi hubana vali yake, hushikilia maji yake na kungoja zamu. Hakuna fedha inayolipwa. Bei ni hesabu tu ya nani ana dharura zaidi. Mvua ikipungua, maji yaliyoshikiliwa huachiwa polepole kuelekea mtamboni.

Kwa mujibu wa takwimu za mji, maji machafu yanayomwagika mtoni yalipungua kwa takriban asilimia 70, na bakteria wa E. coli mtoni kwa zaidi ya nusu. Vihisio pia viliwezesha mafundi kugundua mapema mabomba yaliyoziba na kumwaga majitaka hata siku zisizo na mvua.

Faida kubwa zaidi ilikuwa mezani. Ukiwa na kumbukumbu za miaka kadhaa, mji ulirudi kwa Serikali na hesabu mpya. Mwaka 2021 mkataba ulirekebishwa, na mpango mpya ukakadiriwa kugharimu takriban dola milioni 276.

Wanunuzi wasidhani kwamba kompyuta inachimba bomba. Mabomba yote yakijaa kwa wakati mmoja, hakuna nafasi ya kugawana, na ndiyo maana hata mpango mpya una ujenzi ndani yake. Vali ikifungwa vibaya, majitaka yanaweza kurudi majumbani. Vihisio vinavyokaa ndani ya uchafu vinahitaji kusafishwa na kukaguliwa mara kwa mara, na gharama hiyo haiishi siku ya uzinduzi.

Kwa mamlaka inayokaribia kusaini zabuni ya matangi, somo ni la kibiashara. Vipimo ni sehemu ndogo ya gharama ya zege, na zege likishamwagwa halirudishwi dukani. Kabla ya kununua ghala jipya, ni busara kuhesabu kwanza nafasi iliyomo katika lile la zamani.