Je, Wajua? Fremu ya Kitaliano Hujulikana kwa Thredi Zake

Je, wajua kuwa fundi baiskeli wa Shinyanga au Kahama anaweza kuitambua fremu ya mbio ya Kitaliano bila kusoma jina lililoandikwa juu yake? Spana na kipimo cha milimita vinamtosha.

Shinyanga ni nchi ya baiskeli. Hubeba abiria, magunia ya mpunga na madumu ya maji, na kwenye machimbo ya Geita nako zimo kazini. Nyingi ni zile nzito za ringi za inchi 28 na breki za fimbo: Phoenix ya Shanghai, Avon na Hero za Ludhiana, India. Umbo lao lilirithiwa kutoka baiskeli za Kiingereza kama Raleigh ya Nottingham.

Fremu kuukuu za Bianchi, Cinelli na Colnago ni jambo jingine. Wakusanyaji huzilipia pesa nyingi, na penye pesa hawakosekani wa kubandika stika ya Colnago juu ya fremu yoyote. Mnunuzi wa dhahabu Geita hategemei mng'ao, kwa kuwa pirati, madini yanayofanana na dhahabu, nayo hung'aa. Anajua dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji, na pirati ni mara 5 hivi tu. Fremu nayo ina vipimo vyake.

Anza na ekseli ya pedali. Kwenye fremu ya Kiingereza, kikombe cha beringi cha upande wa mnyororo hufunguka kwa kuzungushwa kama mshale wa saa. Cha Kitaliano hufunguka kinyume chake, kama skrubu ya kawaida. Bomba linalobeba ekseli hiyo lina upana wa milimita 70 kwa Kitaliano, 68 kwa fremu ya kawaida ya Kiingereza.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Thredi za Kiingereza zikiisha, fundi anaweza kulipanua bomba na kukata thredi za Kitaliano, kwa sababu ni pana zaidi: milimita 36. Ukikuta thredi za Kitaliano ndani ya bomba la milimita 68, shuku mara moja.

Kisha chomoa nguzo ya siti. Mabomba mepesi ya Columbus SL, yaliyotengenezwa Milano, kwa kawaida hupokea nguzo ya milimita 27.2. Bomba la bei rahisi lina ukuta mnene, hivyo nguzo yake huwa nyembamba zaidi.

Colnago ilianza alama yake ya pau la karata baada ya Michele Dancelli kushinda Milano–Sanremo mwaka 1970. Kwenye fremu nyingi za enzi hiyo, pau limekatwa ndani ya chuma chenyewe, kwenye soketi za maungio. Rangi ikikwanguliwa, linabaki.

Kabla ya kulipia fremu inayosifiwa kuwa ya Kitaliano, mwombe fundi afungue kikombe mbele yako. Muuzaji akikataa, usitoe pesa.