Nairobi Hata New York: Saa Ngapi Angani?

Ndugu msomaji, kama una mtoto Marekani, soma habari hii kalamu ikiwa mkononi.

Mwezi wa Januari mama mmoja wa parokia yetu aliniletea ofisini tikiti ya mwanawe, aliyekuwa akitoka Nairobi kwenda New York moja kwa moja. Iliandikwa: kuondoka 23:30, kufika 06:30. Nami, niliyesoma hesabu chuo cha ualimu, nikatoa upesi. "Mama, ni mwendo wa saa saba tu. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi atakuwa amefika, atakupigia simu."

Kukapambazuka, simu kimya. Saa sita mchana mama akaja, simu ameishika kwa mikono miwili, akakaa sakafuni, kiti hakukitaka. "Karani, mwanangu, niambie kweli. Ndege imeanguka?" Nikaitazama tena ile tikiti, nikaona haya.

Kosa langu lilikuwa hili. Tikiti huandika saa za mahali penyewe: ya kuondoka ni saa ya Nairobi, ya kufika ni saa ya New York. Jua hutuchomozea sisi kwanza, na mwezi wa Januari saa zetu ziko mbele ya zao kwa saa nane. Basi 06:30 yao ni saa nane na nusu mchana kwetu. Hesabu tangu saa tano na nusu usiku hata hapo: saa 15. Kijana alikuwa angali juu ya Bahari ya Atlantiki, pengine amelala!

Kati ya viwanja hivyo viwili ni kilomita 11,800 na zaidi. Usipime kwa rula juu ya ramani ya ukutani, maana ramani ni bapa na dunia ni mviringo. Rula itakupitisha Kongo na Nigeria. Chukua tufe la darasani, unyoshe uzi juu yake: utapita Chad, Algeria na Moroko, utapanda kaskazini hata kuzidi kidogo usawa wa New York, ndipo ushuke. Hiyo ndiyo njia fupi, ingawa marubani hukengeuka kwa ajili ya upepo au anga lililofungwa.

Upepo nao una neno lake. Huko juu, upande wa kaskazini, huvuma kwa nguvu kutoka magharibi. Aendaye Marekani huukabili usoni. Arudiye husukumwa mgongoni. Kwa hiyo Kenya Airways, iliyoanza safari hii bila kituo njiani tarehe 28 Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Sasa chukua tikiti ya kurudi: kuondoka 12:30, kufika 10:30 kesho yake. Ukitoa hivi hivi utapata saa 22! Punguza nane, zabaki 14. Kwenda ongeza nane, kurudi punguza nane. Lakini tangu Jumapili ya pili ya Machi hata Jumapili ya kwanza ya Novemba tumia saba, maana Wamarekani husogeza saa zao mbele.

Mama hakutaka hesabu hizo siku ile. Alikaa pale pale sakafuni, nami sikuthubutu kutoka. Saa tisa alasiri simu ikalia.