Kisumu kwa Baiskeli: Mfuate Mchuuzi wa Omena

Mwambie mtu wa mjini kwamba Jumapili ijayo utatembea kwa baiskeli, naye atakuuliza swali moja tu: utapita wapi? Swali hilo lina maana. Barabara kuu zinazoingia Kisumu, iwe ile ya Nairobi kupitia Ahero, ya Kakamega kupitia Kiboswa au ya Busia kupitia Maseno, zimejaa malori, mabasi na matatu zinazoshindana kuwahi abiria. Mwenye baiskeli husukumwa kando hadi akajikuta mtaroni. Mzazi anayempenda mwanawe hawezi kumruhusu aende huko.

Hata hivyo, barabara kuu si njia pekee. Kando ya Ziwa Viktoria, na katika msitu ulio kaskazini yake, kuna njia ambazo gari halipiti kabisa au hupita kwa nadra. Hazina mabango wala hazikujengwa na mhandisi yeyote. Zilikanyagwa na wavuvi, wachungaji, watoto wa shule na akina mama waendao sokoni. Ukitaka kuzijua, mfuate mchuuzi wa omena. Yeye na baiskeli yake iliyofungwa gunia nyuma wanajua ni wapi daraja la magogo limeoza, na ni wapi matope hukauka upesi baada ya mvua.

Mji uliobebwa na baiskeli

Kisumu na baiskeli ni marafiki wa siku nyingi. Reli ilifika hapa mwaka wa 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na sehemu kubwa iliyo karibu na maji ni tambarare. Katika miaka ya 1990 abiria wengi wa Kisumu walibebwa na baiskeli za boda boda zenye kiti cha sponji nyuma. Jina hilo lilizaliwa huko Busia, ambako vijana waliwavusha wasafiri kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, pikipiki zikamiminika. Tuktuk nazo zikachukua nafasi yao. Ndiga, kama Waluo waiitavyo baiskeli, ikabaki kazi ya wachuuzi, wanafunzi na wazee wenye Black Mamba zao nzito. Naam, hao ndio waliozihifadhi njia tunazozizungumzia leo.

Dunga na mafunjo yake

Safari ya kwanza inafaa familia yenye watoto. Toka mjini asubuhi na mapema, kabla magari hayajaamka, upite Hifadhi ya Impala iliyoanzishwa mwaka wa 1992, kisha uendelee kusini hadi Dunga. Ni mwendo wa kilomita chache tu, na hata mtoto wa darasa la tano atafika bila kulalamika.

Dunga ni ufuo wa wavuvi uliopakana na kinamasi cha mafunjo. Hapo shuka, uikokote baiskeli, utazame. Mafunjo hayo huchuja maji machafu kabla hayajaingia ziwani, huwaficha samaki wachanga, na huwapa mafundi wa mikeka na vikapu riziki yao. Wapenzi wa ndege hutoka mbali kumtafuta ndege mmoja mweusi mgongoni, mwekundu kifuani na wa manjano utosini, ambaye makao yake ni katika mafunjo tu.

Yapo mambo mawili ya kuwaonya watoto. Kwanza, wasiingie majini kuogelea, kwani ziwa hili lina kichocho. Pili, ondokeni kabla jua halijatua. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na kiboko hana haja ya kumpisha mwendesha baiskeli.

Mifereji ya Ahero

Safari ya pili ni ya mashamba ya mpunga ya Ahero, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika uwanda wa Kano. Ni kama kilomita 25 mashariki ya Kisumu. Ile barabara kuu usiiendeshe. Pakia baiskeli juu ya matatu, ukubaliane na makanga kuhusu nauli yake kabla hajaifunga kamba.

Ukishafika, uliza njia za kandokando ya mifereji. Ni nyembamba, zimenyooka, na utakayekutana naye ni mkulima mwenye jembe begani au trekta moja moja. Yangeyange na kwarara hujaa mashambani humo. Mpishe mkulima siku zote, wala usikanyage kingo za majaruba, kwa maana hiyo ndiyo kazi ya mikono yake.

Udongo wa Kano ni mweusi na wenye kunata. Mvua ikinyesha, huganda kwenye magurudumu mpaka hayazunguki tena, na wewe utaibeba baiskeli badala ya kubebwa nayo. Aidha, fahamu tabia ya upepo. Asubuhi hewa huwa tulivu au huvuma polepole kuelekea ziwani. Kuanzia alasiri upepo hutoka ziwani kwa nguvu. Ukiwa Ahero, kuelekea Kisumu ni kupigana nao uso kwa uso. Maliza mzunguko wako kabla ya saa sita mchana.

Kisiwa cha Rusinga

Wanafunzi wa sekondari na vyuo wenye siku mbili wavuke maji. Matatu huwafikisha Luanda K'Otieno, katika Kaunti ya Siaya. Hapo hupanda feri pamoja na baiskeli zao hadi Mbita, kisha wakaingia Rusinga kwa daraja. Zamani hapo palikuwa na tuta la mawe na udongo lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, nalo lilizuia maji kupita. Daraja lilipojengwa, maji yakapata njia tena.

Kisiwa chenyewe kina urefu wa kama kilomita 16 na upana wa kilomita 5. Magari ni machache kuliko bara, ingawa pikipiki hazikosi. Ukikizunguka, maji yatakuwa upande mmoja na mlima upande wa pili, huku omena wakianikwa juani. Njiani kuna kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lililo juu yake lina umbo la risasi. Kisiwani humu pia, mwaka wa 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Ni somo la historia ambalo mwanafunzi hatalisahau, maana amelifikia kwa miguu yake mwenyewe.

Msitu wa Kakamega

Kilomita 50 hivi kaskazini ya Kisumu umo msitu wa mvua wa mwisho nchini Kenya wa aina ile ya Kongo. Barabara ya kwenda huko ni mlima mtupu na malori hayana huruma, basi hapa pia matatu ndiyo msaada. Shuka Khayega, upite Shinyalu hadi kituo cha misitu cha Isecheno. Ukipenda upande wa kaskazini, nenda Buyangu, hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1985.

Katika vituo hivyo ulizia ada, uombe ruhusa ya kuingia na baiskeli, na umchukue kiongozi wa mahali hapo. Njia za ndani zinafanana, na mgeni hupotea upesi. Kiongozi atakuonyesha mbega, kima na vipepeo wa kila rangi, na pia njia zipi baiskeli inaruhusiwa na zipi ni za miguu peke yake. Kilima cha Lirhanda kipande kwa miguu. Huko juu utauona msitu mzima umetandazwa chini yako. Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, hivyo anza saa moja asubuhi.

Kujitayarisha

Baiskeli ya bei kubwa haihitajiki. Kinachohitajika ni breki zinazoshika, kengele inayolia, pampu, viraka na gundi. Beba maji ya kutosha, kwa kuwa Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na vaa kofia ngumu. Tembeeni wawili au zaidi. Ufikapo kwenye ufuo wowote wa wavuvi, tafuta viongozi wa ufuo, uwasalimu na ueleze safari yako. Atakayesalimu kwanza ataonyeshwa njia iliyo bora.

Njia isiyopitwa hufa

Njia hizi hazina mwenyewe wa kuzitetea. Mwaka wa 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita kiwango chochote kilichopata kupimwa. Nyumba, mashamba na njia nyingi za ufuoni zikazama. Maji yaliporudi nyuma, njia zilizokuwa zikitumika zilikanyagwa upya na wenyeji, na nyingine zikamezwa na vichaka. Tishio jingine ni ua. Mtu akinunua kiwanja hadi majini na kuweka seng'enge, mchuuzi wa samaki hana budi kutoka kwenda kwenye lami, katikati ya malori.

Duniani miji mingine imeanza kugutuka. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, umekuwa ukifunga baadhi ya barabara zake kwa magari siku za Jumapili tangu mwaka wa 1974, ili watu wa baiskeli na wa miguu wastarehe. Kisumu nayo ilipata mpango wake wa usafiri mwaka wa 2020, unaowapa nafasi watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mpango wa mjini hautazifikia njia za Dunga, Kano na Rusinga ikiwa wanaozijua ni wachuuzi peke yao.

Familia moja ikipita huko Jumapili, ikanunua samaki ufuoni, ikamlipa kiongozi wa msitu na kumpa kazi fundi wa kuziba pancha kijijini, wenyeji watakuwa na sababu nyingine ya kuikatalia seng'enge. Basi, mzazi, ishushe ile baiskeli inayoota kutu stoo. Itie mafuta mnyororo, ijaze upepo, na Jumapili ijayo watoto wakuulize utapita wapi. Jibu sasa unalo.