Makumbusho ya Kupapasa

Katika mji wa Ancona, bandari ya Italia iliyo ufuoni mwa Bahari ya Adria, liko jumba la makumbusho liitwalo Omero, jina la yule malenga wa Wayunani ambaye kwa mapokeo alikuwa kipofu, na humo amri iliyozoeleka imepinduliwa: mgeni hakatazwi kugusa, bali huombwa aguse. Lilianzishwa mwaka 1993 kwa rai ya Aldo Grassini na mkewe Daniela Bottegoni, wote wawili wasioona, waliochoka kusimama mbele ya sanamu mashuhuri za dunia wakisimuliwa tu habari zake. Na mwaka 1999 sheria ya nchi ikalifanya makumbusho ya taifa.

Katazo la kugusa, kwa insafu, halikutungwa kwa inadi, kwa maana jasho na mafuta ya mikono hupenya katika marumaru na kuacha waa. Ndiyo sababu Omero hutegemea mno nakala za jasi na resini. Wako wazidharauo, mimi siafiki, kwani ubaridi wa jiwe hupotea, ni kweli, walakini mkunjo wa nguo na mshipa wa shingo husalia pale pale.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba jicho huanza na kitu kizima ndipo likashukia sehemu zake, ilhali mkono huanza na sehemu, na kizima huungwa baadaye akilini. Kwa hiyo hekalu la Parthenon, ambalo hapana mikono iwezayo kulikumbatia, limewekwa humo kwa mfano mdogo, vidole vipate kuzipitia nguzo zake moja baada ya moja. Hekima hiyo yafaa kwa jumba lenyewe: mgeni apapase kwanza ramani yake mlangoni, maadamu kibao cha nukta nundu hakimfai asiyejua kiko ukuta gani. Tena aghalabu waliopoteza nuru uzeeni hawakujifunza nukta nundu, hivyo sauti haina budi kuandamana na maandishi. Mwenye uoni hafifu haja yake ni nyepesi zaidi: herufi nene, nyeusi juu ya weupe, na kioo kisichorudisha mwanga wa taa.

Kwetu Mombasa, Ngome ya Yesu, ambayo Mwitalia Giovanni Battista Cairati aliichora na ujenzi wake ukaanza mwaka 1593, ina umbo linalokaribiana na la mtu aliyejinyoosha. Umbo hilo huonekana kutoka angani tu. Mwenye macho mazima atembeaye uani mwake halitambui. Mfano wa kupapasa langoni ungemfaa naye pia.