Barua pepe ya kitapeli imetoka wapi? Soma mistari ya "Received"

Jina la benki linaloonekana juu ya barua pepe halithibitishi kitu. Tapeli huandika pale anwani anayotaka, kama mtu anavyoandika jina la uongo nyuma ya bahasha. Ushahidi uko kwenye kichwa cha ujumbe, ambacho kwa kawaida hufichwa. Kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza nukta tatu kisha "Show original".

Tafuta mistari inayoanza na "Received". Kila seva iliyopitisha ujumbe hugonga muhuri wake juu ya ule uliotangulia, kwa hiyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Ila angalia: mihuri ya chini kabisa tapeli anaweza kuibuni mwenyewe. Wa kuaminika ni ule uliogongwa na seva ya kampuni yako ya barua pepe, ilipoupokea ujumbe kutoka nje. Namba ya IP iliyomo humo ndiyo ya kushika.

Iingize kwenye WHOIS. Itaonyesha kampuni iliyosajiliwa kwa namba hiyo, na mara nyingi anwani ya kupeleka malalamiko. Jina la tapeli halitokei. Tena huenda kompyuta iliyotuma ni ya mtu asiye na habari, imeshikwa na virusi tu.