Samaki Walinifunza Subira
Haraka haraka haina baraka, walinena wahenga. Nami, mwalimu wa sayansi, niliupuuza wosia huo uani kwangu. Nilijaza tangi maji, nikatia perege 20 siku iyo hiyo, pampu ndogo ikiyapandisha maji hadi katika kokoto nilimopanda sukumawiki. Kufikia siku ya tano, perege 12 walikuwa wamekufa. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwao. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati inayolisha mboga, huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuzaana vya kutosha. Sikuwapa hata siku moja. Walimu wenzangu, je, si hivyo tunavyodai alama kwa wanafunzi ambao hatujawajengea msingi? Nimeanza upya, mara hii nangoja.